Hamali na Tarishi: Waya wa Kihisi katika Nyumba ya Vifaranga

Miongoni mwa mada zinazopendwa sana katika mijadala ya chama chetu ni ile ya istilahi za sayansi na teknolojia. Aghalabu mjadala huo hufuata njia moja: tunaorodhesha maneno ya Kiingereza, tunayatafutia visawe, tunavutana kama tutohoe au tubuni, kisha tunaondoka ukumbini tukiwa na hakika kwamba lugha imepiga hatua. Sina nia ya kuibeza kazi hiyo. Bila ya wataalamu walioifanya, hata makala haya yasingeandikika. Nia yangu ni kumsimulia msomaji jinsi nilivyojionea kwamba istilahi ina kazi nyingine, pengine iliyo kubwa zaidi: kumwezesha mtu kutenganisha mambo mawili ambayo macho yake huyaona kuwa jambo moja. Hayo sikuyapata katika mhadhara. Niliyapata huko Limuru, katika chumba chenye joto na unyevu, mbele ya matangi ya vifaranga vya samaki, na swali lililoyazua lilikuwa dogo: waya wa kurefushia kebo ya kihisi uwe na unene gani?

Dada yangu mkubwa ni mfugaji wa kambare. Yeye hauzi samaki wa kuliwa, bali huangua mayai na kuwauzia vifaranga wafugaji wenye mabwawa. Kazi hii ina wateja nchini mwetu, hasa tangu mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi ambao sehemu yake ilikuwa kuchimba mabwawa ya samaki vijijini. Tatizo ni kwamba kambare hupenda maji ya uvuguvugu, ilhali Limuru ni nchi ya baridi. Katika maji ya nyuzi 28 hivi za Selsiasi, mayai yake huanguliwa kwa muda wa siku moja. Maji yakipoa, mambo yote huchelewa. Vifaranga hula kidogo, hudhoofika, na maradhi hupata mlango. Kwa hiyo matangi ya dada yangu yamo ndani ya nyumba, kila tangi lina hita yake, na kila hita hutii amri ya kisanduku cha udhibiti kinachosoma joto la maji kupitia kihisi kilichotumbukizwa tangini. Kihisi kikisema maji yamefika nyuzi 28, kisanduku huzima hita. Kikisema yamepoa, huiwasha. Msomaji ataona mara moja kwamba uhai wa maelfu ya vifaranga unategemea ukweli wa kihisi hicho kimoja.

Baada ya muda, visanduku hivyo vilianza kushika kutu. Mvuke wa maji ya matangi ulikuwa umeingia ndani yake na kuzifanya skrubu za kuunganishia nyaya ziwe na ukungu wa kijani. Dada akaamua vihamishwe hadi ghala kavu lililo upande wa pili wa ua. Kutoka tangini hadi ghalani, kwa kuufuata ukuta, ni mita 20. Kebo za vihisi zilikuwa na urefu wa mita 3 tu kama zilivyotoka kiwandani. Fauka ya vihisi vya joto, palikuwa na maboya yanayotoa ishara maji yakipungua, kihisi kimoja cha uasidi wa maji, na pampu ya hewa ya volti 12 inayoendeshwa na betri pindi stima inapopotea. Vyote vilipaswa kurefushiwa kebo. Nami, kwa kuwa nilikuwa likizoni na ndiye mwanafunzi wa lugha katika ukoo wetu, nilipewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili maelekezo ya kubandikwa ukutani ili vijana wawili wanaofanya kazi pale wayafuate hata dada asipokuwapo.

Fundi wa umeme aliyeitwa alikuwa mzee wa makamo, mwenye uzoefu wa miaka mingi wa kutia stima majumbani. Alipozitazama kebo alitoa hukumu bila kusita: "Tununue waya wa mbili nukta tano kwa vitu vyote. Waya ukiwa mwembamba, stima huchoka njiani." Dada yangu naye alikuwa na rola zima la kebo nyembamba ya king'ora, yenye nyaya sita ndani, lililobaki kutoka kazi nyingine. Kwake yeye, vihisi hivi ni vitu vya volti chache visivyoweza hata kumshtua mtoto, basi waya mnene wa nini? "Mzee," alimwambia, "kutia waya wa jiko kwenye kipimajoto ni kumvisha kuku viatu." Kila mmoja alikuwa na hoja yenye mashiko, na kila mmoja, kama nitakavyoonyesha, alikuwa na ukweli nusu.

Kabla ya kuendelea, hebu tulitazame neno lenyewe, geji. Sisi Wakenya tulilijua kutokana na mabati kabla ya nyaya. Kila aliyewahi kuezeka nyumba anafahamu kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, na kwamba muuzaji mjanja humchanganya mnunuzi mgeni kwa sababu nambari hupanda huku unene ukishuka. Nyaya zinazopimwa kwa geji ya Kimarekani zina tabia hiyohiyo. Asili yake ni ya kikazi: waya hutengenezwa kwa kuvutwa katika matundu yanayozidi kuwa madogo, na kadiri unavyovutwa mara nyingi ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba. Katika kipimo hicho, kila nambari zikiongezeka tatu, eneo la mkato wa shaba hupungua kwa takriban nusu. Waya wa geji 18 una eneo la milimita mraba 0.82 hivi, na wa geji 24 una 0.2 tu. Mafundi wetu hawana haja na hesabu hiyo, maana nyaya za majumbani huuzwa kwa milimita mraba moja kwa moja: 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Hapa nambari kubwa ndiyo waya mnene. Kebo ya king'ora ya dada yangu ilikuwa na nyaya za milimita mraba 0.22.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Kila waya, hata ukiwa wa shaba safi, huuzuia mkondo wa umeme kwa kiasi fulani. Uzuiaji huo tunauita ukinzani, na kipimo chake ni omu, kwa jina la Mjerumani Georg Ohm aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kwa shaba, hesabu ni rahisi hata kwa mtu wa fasihi: chukua urefu wa waya kwa mita, uzidishe kwa 0.0172, kisha ugawe kwa eneo la mkato kwa milimita mraba. Jambo la kukumbuka ni kwamba umeme huenda na kurudi, hivyo mita 20 za ukuta ni mita 40 za waya. Kwa kebo ya king'ora, jibu ni omu 3.1. Kwa waya wa 1.5 ni 0.46, na kwa waya wa 2.5 ni 0.28 hivi. Omu tatu ni kitu kidogo au kikubwa? Hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza ni nini kinachopita katika waya huo.

Tuanze na pampu ya hewa. Pampu ile hutumia ampea 3. Volti zinazopotea njiani ni ampea zikizidishwa kwa omu. Kwa kebo nyembamba, zingepotea zaidi ya volti 9 kati ya 12, na pampu isingezunguka kamwe. Kwa waya wa 1.5 hupotea volti 1.4. Kwa waya wa 2.5 hupotea 0.8, yaani takriban 7 kwa mia. Wengi hupendelea upotevu usizidi 3 hadi 5 kwa mia, na ili kufika hapo ingebidi kununua waya wa 4. Au ichaguliwe pampu ya volti 24 yenye nguvu ileile: mkondo hupungua kwa nusu, na waya wa 1.5 hupoteza chini ya 3 kwa mia. Katika jambo hili mzee alikuwa na haki. Stima ilikuwa inachoka njiani kwelikweli, na pampu ya dharura iliyochoka usiku wa manane stima ikiwa imepotea ni msiba kwa samaki wanaosongamana wakihitaji hewa.

Vihisi vya joto ni habari nyingine. Vile vya dada yangu ni vya platinamu. Ukinzani wake ni omu 100 kwenye nyuzi sifuri, nao huongezeka kwa omu 0.385 hivi kwa kila uzi mmoja wa joto. Kisanduku hakina njia nyingine ya kujua joto ila kuuhesabu ukinzani huo. Sasa fikiri, mpenzi msomaji: ukiongeza omu 3.1 za waya, kisanduku kitajuaje kwamba hizo si omu za maji yaliyopata joto? Hakijui. Ukigawa 3.1 kwa 0.385 unapata nyuzi 8. Maji yakiwa kwenye nyuzi 20, kisanduku kitasoma 28, kitaridhika, na kitazima hita. Hapa hakuna kilichochoka. Taarifa imefika ikiwa nzima, tena imezidi. Waya umeitia chumvi.

Sikuijua hesabu hii nilipoanza kazi. Niliijia kupitia sentensi moja katika karatasi ya maelekezo iliyokuja na vihisi, iliyosema kwamba nyaya zote tatu sharti zifike kwenye kisanduku kila moja kivyake. Kila kihisi kilikuwa na nyaya tatu, mbili nyekundu na moja nyeupe. Ningeweza kuitafsiri sentensi hiyo neno kwa neno na kuendelea, lakini nilikwama: kwa nini tatu, wakati umeme unahitaji njia mbili tu? Nilipomuuliza mzee alicheka kwa upole. "Mwalimu, nyekundu ni nyekundu. Hizi mbili tunazisokota pamoja, tunazipeleka kwa waya mmoja." Karatasi haikueleza sababu, nami niliona haifai kubandika ukutani amri ambayo mimi mwenyewe siwezi kuitetea. Tukakubaliana tujaribu kabla ya kugusa tangi lolote.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Barafu iliyopondwapondwa ikichanganywa na maji safi hukaa kwenye nyuzi sifuri mradi haijaisha kuyeyuka. Tulijaza ndoo, tukatumbukiza kihisi kikiwa na kebo yake ya kiwandani, nyaya tatu zikiwa mahali pake. Kisanduku kikasoma sifuri. Kisha mzee akasokota nyekundu mbili pamoja, akaunga mita 20 za kebo ya king'ora kwa nyaya mbili tu, na upande wa kisanduku akaziunganisha skrubu mbili za nyekundu kwa kipande kifupi cha waya. Kisanduku kikasoma nyuzi 8 na ushei. Mzee aliitazama ndoo, akaitazama tena ile nambari. "Barafu ya nyuzi nane!" akasema, na sote tukacheka. Akaleta waya wake wa 2.5, akaunga vilevile. Usomaji ukashuka hadi karibu 0.7. Ulikuwa umekaribia ukweli, ila haukuufikia, pamoja na uzito wote wa shaba ile. Mwisho tukarudi kwenye kebo nyembamba ya dada, safari hii kwa nyaya tatu, bila kusokota chochote. Kisanduku kikasoma sifuri.

Siri ya waya wa tatu ni hii. Nyekundu mbili huanzia mahali pamoja kwenye kihisi, hivyo kisanduku kinaweza kupima ukinzani wa njia iliyo kati yao pekee, bila kupitia kihisi. Njia hiyo ni waya wa kwenda na waya wa kurudi, wala hakuna kingine. Kikishajua waya wenyewe unadai omu ngapi, huzitoa katika hesabu, na kinachosalia ni kauli ya kihisi. Sharti ni kwamba nyaya zote tatu ziwe za aina moja na urefu mmoja. Waya mwembamba uliopewa shahidi ulishinda waya mnene usiokuwa naye.

Si kila kihisi kina udhaifu huu. Kuna vihisi vya joto ambavyo ukinzani wake ni omu 10,000 kwenye nyuzi 25 na hubadilika kwa mamia ya omu kwa kila uzi mmoja. Kwa hivyo, omu tatu za waya ni tone baharini. Boya nalo ni swichi tu: husema ndiyo au la, na ndiyo haipungui kwa kusafiri mita 20. Kihisi cha uasidi ni kiumbe cha aina yake. Tunguu lake la kioo lina ukinzani wa mamilioni ya omu, na hutoa takriban volti 0.059 tu kwa kila hatua moja ya kipimo cha pH. Hapo unene wa shaba hauna maana yoyote. Adui ni unyevu unaopenya penye kiungo na mivumo inayotoka katika nyaya za volti 240 zilizo jirani. Kebo yake ina wavu wa shaba unaoikinga, na kuikata ili kuiunga na waya wa kawaida ni kuiharibu. Tuliamua kisanduku chake kibaki karibu na tangi, ndani ya boksi lisilopitisha maji.

Sasa nirejee kwenye lugha. Mzee hakukosa elimu. Neno lake, kuchoka, lilikuwa sahihi na zuri, na kwa miaka mingi lilikuwa limemwongoza vyema katika taa, soketi na majiko. Tatizo ni kwamba lilikuwa neno moja lililobebeshwa mambo mawili. Palipokosekana neno la pili, mkono ulikwenda kwenye dawa ileile: ongeza shaba. Dada naye alikuwa na neno lake moja, volti chache, likampeleka upande wa pili: punguza shaba. Kwa siku tatu walibishana kuhusu unene, kumbe swali lilikuwa linahusu mzigo.

Jioni ile, nilipokuwa nikiandika karatasi ya ukutani, nilitafuta maneno ambayo vijana wale wangeyakumbuka mikono ikiwa na maji. Nilikuta Kiswahili kilikwisha kuyaweka akiba zamani. Waya wa pampu na wa hita ni hamali: hubeba mzigo, na hamali huchaguliwa kwa upana wa mabega. Waya wa kihisi ni tarishi: hubeba neno, na tarishi huchaguliwa kwa uaminifu. Kwa hamali, uliza ampea na urefu, kisha ukokotoe unene. Kwa tarishi, uliza ujumbe wake unapimwa kwa nini. Ukipimwa kwa omu chache, mpe shahidi. Ukipimwa kwa omu nyingi, au ukiwa ni ndiyo na la, mwache aende na waya mwembamba. Ukiwa mnong'ono wa kioo, usimtume mbali. Nilipomsomea mzee, alitikisa kichwa kwa kukubali, akaongeza masharti yake mwenyewe, nami nikayaandika kama alivyoyasema: waya ukwanguliwe kwa kisu kabla ya kununuliwa, kwa maana kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu ambazo ndani ni nyeupe na ukinzani wake umezidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, kiungo kitiwe lehemu na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa, kisisokotwe tu na kuzungushiwa tepu, kebo ya kihisi isilazwe pamoja na ya volti 240, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba, na kila kebo ishuke kidogo kabla ya kuingia kisandukuni ili tone la maji lidondoke chini badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Karatasi hiyo ingali ukutani, imefunikwa kwa plastiki. Ina maneno ukinzani, omu, mkondo na eneo la mkato, yaliyotoka kwa wataalamu wetu wa istilahi. Ina pia hamali, tarishi, shahidi, kuchoka na kutia chumvi, yaliyotoka kwa watu. Sikuona kundi moja likilionea haya kundi jingine. Ukinzani ulituwezesha kukokotoa, na kutia chumvi kulituwezesha kuelewa tulichokuwa tunakokotoa. Lau ningekuwa na kundi la kwanza peke yake, vijana wangeikariri karatasi bila kuitii. Lau ningekuwa na la pili peke yake, tungebaki na misemo mizuri na maji ya baridi.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Hadhi hiyo tumeisherehekea katika makongamano mengi, na ni haki yetu. Ila nawaomba wanafunzi wenzangu, kila tunapokutana kujadili istilahi za fani fulani, angalau mmoja wetu awe amewahi kusimama kando ya mtu anayeifanya kazi hiyo, amsikie anavyoiita, na aone neno lake linamfikisha wapi na linamwacha wapi. Pale linapomwacha ndipo istilahi yetu inapohitajika. Wahadhiri wetu wakiridhia, ningependekeza muhula ujao kila kikundi cha somo la uundaji wa istilahi kipewe fundi mmoja badala ya orodha moja. Mzee wa Limuru ameniambia kwamba yeye yuko tayari kupokea wageni, mradi waje na barafu yao.